Kaseti Saba za Opereta

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza daftari. Mke wangu ndiye aliyenipa. Aliliweka mezani, kisha akaandika kwenye kibao chake: "Sema na hili. Masikio yangu yamechoka." Ana haki. Tangu nistaafu nashinda chumba cha nyuma nikigombana na deki za kaseti, na mlango ninaoufunga hauzuii chochote.

Kibao nacho nikieleze. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alituambia mapema bila kuzunguka: uvimbe utatoka, na sauti itakwenda nao. Ikawa hivyo. Sasa anaandika kwa chaki kwenye kibao cha shule anachokivaa shingoni kwa kamba, na akiwa mbali anagonga meza. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Mara tatu ni Mkaguzi, njoo hapa.

Mkaguzi ni mimi. Nimekagua mizani ya watu miaka thelathini na mmoja, dukani na sokoni, na jiwe la kilo likipungua hata gramu tano nililichukua, mwenyewe alie asilie. Yeye alikuwa opereta wa simu, enzi zile ukitaka kupiga mbali lazima mtu akuunganishe. Mji mzima uliijua sauti yake. Mimi nilikuwa naomba kuunganishwa na ofisi ambazo sikuwa na shida nazo kabisa. Mpaka leo namwita Opereta.

5 Machi, Jumatano

Binti yetu amepiga simu. Atajifungua mwishoni mwa mwezi wa nne, kisha atakuja kupumzika kwetu na mtoto. Halafu akauliza kama zile kaseti za mama bado zipo.

Zipo, saba, ndani ya kopo la biskuti. Binti alipokuwa mdogo, Opereta alikuwa na zamu za jioni, akaona uchungu mtoto alale bila hadithi. Basi mchana anakaa mbele ya deki, anabonyeza, anasimulia. Jioni mimi nambonyezea mtoto. Binti hakuwahi kufika mwisho wa hadithi hata moja, usingizi ulikuwa unambeba njiani. Mimi, bila shaka, nilikuwa macho mpaka mwisho.

Deki yenyewe ina miaka kumi na minane haijatoa sauti. Ninazo nyingine nne nilizozifufua, lakini hii niliiacha kila mara kwa kesho. Leo nimeitoa kabatini. Opereta alipoiona chini ya kwapa langu akaandika: "Maiti mwingine?" Sikumwambia kitu. Nataka iwe ghafla.

8 Machi, Jumamosi

Siku njema. Mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa lami, nikausafisha kwa pamba na spiriti, nikaweka mpya. Nikasugua kigurudumu cha mpira mpaka kikawa cheusi chenye afya.

Kisha nikafika kwenye hedi. Hedi ni kile kipande cha chuma kinachogusa utepe na kusoma sauti iliyomo. Ikilala upande hata kidogo, herufi kama s na sh zinapotea, na mtu anasikika kama anasema ndani ya blanketi. Pembeni ina skrubu ndogo ya kuinyoosha. Nikaikuta skrubu imezibwa na tone la rangi nyekundu. Uchafu huu kaufanya fundi gani? Nadhani ni yule wa sokoni tuliyempelekea mwaka ule, mtu asiye na adabu kwa kazi ya watu. Nikalikwangua lile tone, nikaweka kaseti yangu ya kupimia, yenye mlio mmoja uliorekodiwa kiwandani, nikafuata mshale wa mita. Hedi ilikuwa imepinda, karibu nusu mzunguko wa skrubu! Nikainyoosha mpaka ikasimama sawasawa. Ningekuwa na muhuri wa serikali ningeipiga.

9 Machi, Jumapili

Nimeweka kaseti ya muziki ya dukani. Taa ya deki ikawaka rangi ya chungwa, mlango ukafunguka polepole kama mtu mzima anayejiheshimu, nikasikia mpaka vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi za gitaa. Nimekaa saa nzima nimekunja mikono, furaha tupu.

10 Machi

Mvua.

11 Machi

Mvua. Juu ya bati hata risasi huisikii, sembuse kaseti.

14 Machi, Ijumaa

Mvua ilipumua saa tano. Nikafunga mlango, nikaweka kaseti ya kwanza ya Opereta, ile ya Kuku Aliyetaka Simu, nikasikiliza dakika tano za mwanzo kama ilivyo desturi yangu ya kupima.

Sauti inasikika, lakini si yake. Imefifia, nzito, imefunikwa. Maneno yanakuja bila meno. Nikaweka ya pili, ya tatu, zote vilevile. Nikarudisha kaseti ya muziki: safi kabisa. Basi deki haina kosa. Kosa ni la kaseti, unyevu umezila. La kuvunda halina ubani.

17 Machi

Nimezifungua kaseti mbili, nimehamishia utepe kwenye maganda mapya, nimezijaribu hata kwenye zile deki nyingine nne. Hakuna tofauti.

22 Machi, Jumamosi

Leo nimefanya jambo la kijinga, na ubaya wake ni kwamba sikulifanya, lilinitokea. Mvua ilikatika ghafla wakati deki inasema. Nilikuwa nimeongeza sauti kwa ajili ya bati, na ukimya ulipoingia, kaseti ikajaza nyumba yote. Nilipogeuka, Opereta alikuwa ameshafungua mlango.

Alisimama palepale na kijiko cha kupikia mkononi. Alisikiliza muda mrefu. Mimi nikawa naeleza mambo ya unyevu, umri wa utepe, nini na nini. Hakunitazama. Akaandika: "Kumbe ndivyo nilivyokuwa?"

Nikamwambia hapana, kaseti zimechoka. Akafuta, akaandika tena: "Miezi yote hii nalilia kitu ambacho hakikuwa kizuri." Kisha akarudi jikoni.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu mchana. Sauti ile ndiyo iliyonifanya niache chai ipoe ofisini, miezi sita mfululizo, kabla sijamwona uso. Sasa mwenyewe haamini kwamba alikuwa nayo, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi na deki yangu. Naona aibu, na naogopa. Mtoto akija kabla sijaitoa sauti hiyo jinsi ilivyokuwa, Opereta ataamini hivi mpaka anaingia kaburini.

23 Machi

Nimemsifia sauti yake ya zamani wakati wa chai. Akagonga mara mbili.

29 Machi

Nimebadilisha vile vitambaa vidogo vinavyosukuma utepe kwenye hedi. Kaseti zote saba. Hakuna tofauti.

2 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa chumba cha nyuma umeota ukungu wa kijani. Na mimi nitaota.

6 Aprili, Jumapili

Nimekwenda kwa Lenzi. Lenzi ni fundi saa, rafiki yangu tangu ujana, tunamwita hivyo kwa sababu ile lenzi haitoki jichoni, hata msibani anakwenda nayo. Nikamweleza yote. Akachukua saa ya mkononi akaniwekea sikioni.

"Inatembea?" akauliza.

Nikasema imekufa. Akanionyesha: mshale wa sekunde unakimbia. Akajaribu sikio la pili, vilevile. Akanieleza kwa upole, maana tunajuana, kwamba zile sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kumkimbia mzee, na kwamba huenda nagombana na kaseti bure.

Nimerudi kwa miguu katika manyunyu. Mkaguzi ambaye mizani yake mwenyewe imepungua! Lakini ule mfifio si wa masikio yangu tu. Opereta ameusikia pia, naye anasikia mpaka sisimizi akikohoa.

12 Aprili, Jumamosi

Nilianza kumtazama Opereta. Nasema nilianza kwa sababu mwaka mzima nimekuwa nikimhudumia tu: dawa, maji ya vuguvugu, mto wa mgongoni. Nilimfanya mgonjwa wangu. Leo alikuwa akichambua mboga, na jirani akapita njiani akiimba ovyo. Opereta akakunja uso kila mahali yule bwana alipokosea, hata pale ambapo mimi sikusikia kosa. Sikujua kwamba bado anafanya kazi ile ya kusikiliza. Nani angejua, mimi na mlango wangu uliofungwa.

19 Aprili, Jumamosi

Ya leo lazima niyaandike.

Jumamosi ndiyo siku ya mzoa taka. Saa nne nikaenda kuchukua kopo la biskuti, nikalikuta jepesi. Nikamuuliza Opereta. Akagonga mara mbili. Nikauliza hapana nini, kaseti ziko wapi. Akachukua muda kuandika, chaki ikavunjika, akaendelea na kipande.

"Nimezitupa. Mtoto atanijua nilivyo. Hiyo inatosha."

Nilitoka na kandambili, mvua inamwagika kama imetumwa. Kwenye kona kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Nimefikisha miaka sitini na minane, na leo watu wa mtaa wetu wameniona nikikimbia. Nilimkuta mzoa taka karibu na kisima, anasukuma mkokoteni wake, magunia yamelundikana. Nilipomshika mkono akashtuka.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Sauti ya mke wangu," nikamwambia. Lilitoka lenyewe.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu mtupu. Nilidhani atacheka. Akauegesha mkokoteni, akafungua gunia la kwanza, akaanza kunisaidia kupekua. Kaseti zilikuwa kwenye gunia la tatu, zimefungwa vizuri ndani ya kitenge chake cha zamani. Mtu hafungi takataka namna ile. Moja tu ndiyo iliyolowa.

Opereta alikuwa mlangoni na taulo. Alinifuta kichwa kwa nguvu, kama anayefuta sufuria, na huku analia. Kulia kwake sasa hakuna sauti, mabega tu. Nami nikalia, na mimi sauti ninayo, basi nikalia kwa niaba ya wote wawili.

Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya tangu mwezi wa tatu. Nikamshika mkono nikamwingiza chumba cha nyuma, nikamketisha kwenye kiti changu. Tukaitandaza kaseti iliyolowa juu ya pamba. Nikamweleza kila kitu nilichofanya, hatua kwa hatua, mpira, spiriti, vitambaa. Nilipofika kwenye hedi nikamwonyesha ile skrubu, bado ina chembe nyekundu kwenye mfereji wake, nikaanza kumlaani yule fundi wa sokoni.

Opereta akasogeza uso. Akaitazama ile chembe. Mabega yakaanza tena kutikisika, nikadhani ni kilio, kumbe anacheka. Akaandika: "Hii ni rangi yangu ya kucha."

Sikuelewa. Akafuta, akaandika: "Wewe ndiye uliyezungusha. Mimi nikapaka isilegee. Mwaka tuliohamia hapa. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Sasa nakumbuka mpaka shati nililovaa. Deki tuliinunua imeshatumika, na tulikuwa na kaseti moja tu ya muziki, tena ya kunakiliwa na mtu. Haikusikika vizuri, nami sikuwa na chombo cha kupimia, basi nikazungusha skrubu kwa sikio mpaka kaseti ile ikapendeza. Kaseti ile ndiyo iliyokuwa na kasoro. Mimi, mkaguzi, nilisawazisha mizani kwa jiwe bovu! Hedi ikalala upande, na Opereta akarekodi hadithi zote saba kwa hedi iliyolala upande. Zimeandikwa kwa mwandiko wa kuinama, na anayetaka kuzisoma sharti ainame vilevile. Nilipoinyoosha ndipo nilipozinyamazisha.

Nyani haoni kundule. Fundi asiye na adabu nilikuwa mimi, na aliyejua alikuwa upande wa pili wa mlango wiki sita. Nikamuuliza mbona hakusema. Akaandika: "Ulinionyesha lini?" Mficha uchi hazai.

20 Aprili, Jumapili

Mvua imetupa nafasi, mawingu yamesimama tu yanatazama.

Kulikuwa na tatizo moja. Kuipindisha skrubu naweza, lakini kujua imefika wapi kunataka sikio la sauti nyembamba, na langu Lenzi ameshalizika. Nikamwambia Opereta ukweli huo, uliokuwa mgumu kuutamka kuliko nilivyodhani. Nikamwambia kwamba yeye ndiye atakayepima, mimi nitakuwa mkono wake tu.

Akakataa kwanza, mara mbili mezani. Akaandika kwamba anaogopa: je, skrubu ikifika na sauti iwe ileile mbaya? Nikamjibu kwamba mimi sikuoa blanketi.

Akafumba macho. Nikaweka ya Kuku Aliyetaka Simu, nikashika bisibisi. Nikazungusha kidogo kama unene wa ukucha. Akagonga mara moja. Nikaendelea. Mara moja. Mara moja. Mara mbili: nimepita, nikarudi. Mimi sikusikia tofauti yoyote kati ya hatua na hatua, nilikuwa kama mtu anayevushwa barabara. Mara moja tena, polepole.

Kisha hakugonga.

Nilingoja. Deki inaendelea kusema, mimi nimeinama, bisibisi mkononi, naogopa hata kupumua. Nikageuka. Opereta alikuwa na macho wazi, machozi yanateremka, na midomo yake inakwenda pamoja na kaseti, neno kwa neno, kuku anamwambia jogoo kwamba yeye hatagi tena mpaka aunganishwe na mji mkuu. Midomo ilikuwa yake ya leo, na sauti ilikuwa yake ya miaka ile. Hapo hata mimi na masikio yangu mabovu nikaisikia. Ilikuwa ni yule aliyeniambia "subiri, nakuunganisha," nami nikasubiri maisha yangu yote.

"Unasikia?" nikamuuliza.

Akagonga mara moja. Akaandika: "Nilikuwa mzuri."

Nikamwambia nilikuwa nasema hivyo tangu chai ya tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu, ina kumbukumbu.

Nikataka tuisikilize yote, tulikuwa dakika ya saba tu. Akanyoosha mkono akazima, ana kicheko usoni ambacho sikukielewa. Akaandika: "Mwisho tumngoje mtoto." Kisha akaingia chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Alipaka ile skrubu tone moja, kwa uangalifu, ulimi nje kidogo. Rangi iliyobaki akajipaka kidole kimoja.

21 Aprili

Nimeung'oa mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa umevimba kwa mvua, haukuwa unafungika vizuri. Hiyo ndiyo sababu ninayoiandika.

27 Aprili, Jumapili

Mjukuu. Wa kike. Wote wazima. Opereta aliishika simu akagonga kipaza sauti kwa ukucha mwekundu, mara moja, mara moja, mara moja, mpaka binti kule akaanza kulia.

3 Mei

Ile kaseti iliyolowa imekauka. Inasema.

10 Mei, Jumamosi

Wamefika jana. Mvua imekwisha, nadhani, udongo unatoa ile harufu ya kumaliza kazi.

Alasiri tukakaa wote chumba cha nyuma. Binti alikuwa hoi, siku kumi na tatu hajalala vizuri, akajitupa kwenye kochi kuukuu. Mtoto tulimlaza kifuani kwa bibi yake, macho yamefunguka, meusi, anatazama taa ya deki. Nikabonyeza.

Opereta alipoanza kusema kutoka kwenye deki, mtoto akageuza kichwa kuelekea sauti, kisha akakigeuza juu, kumtazama bibi. Sijui mtoto wa umri huo anajua nini, na sitaki kuongeza chumvi. Naandika tu nilichokiona. Binti alisema "Mama," mara moja, akaziba mdomo kwa mkono. Kabla kuku hajamaliza ugomvi wake na jogoo, alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kama alivyolala miaka yote.

Mimi nilifumba macho kidogo, kusikiliza vizuri.

Nikasikia meza ikigongwa mara tatu. Opereta ananionyesha deki kwa kidole, na kile kicheko cha siku ile kimerudi. Hadithi ilikuwa inaisha. Kuku alipata simu, akazungumza na mji mkuu, akaona hawana la maana la kumwambia, akarudi akataga. Kisha kaseti ikanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na Opereta wa miaka thelathini na miwili iliyopita akasema kwa sauti ya chini, safi, kila s na kila sh mahali pake:

"Najua mmelala wote wawili. Mkaguzi, amka ukazime deki. Umfunike mtoto, kuna baridi. Nakuja."

Miaka yote ile nilimwapia kwamba nilikuwa macho. Alijua, na hakuniumbua hata siku moja. Na maneno haya yalikuwepo, yananingoja kila jioni, nami nakoroma.

Nikainuka. Nikazima deki. Nikaleta shuka nikamfunika mtoto. Ana miaka thelathini na sita, miguu ilibaki nje.